Tupeane uzoefu: ni muziki gani uliokutuliza, na ulikutuliza vipi?

Mwanzisha mada, Mkomani: Asalaam aleikum. Baada ya arubaini ya mama kupita, rafiki zangu walinitumia nyimbo za kuchangamsha, nazo zilinichoma kuliko ukimya. Kilichonifaa ni udi, ile ala ya nyuzi, wa marehemu mwanamuziki Zein l'Abdin, mzaliwa wa hapa Lamu, niliokuwa nikiusikiliza peke yangu barazani baada ya Isha. Usiku wa kwanza nililia. Usiku wa tatu nilijikuta nikigonga mdundo kwa kidole kwenye kikombe cha kahawa, na kwa mara ya kwanza nikakumbuka kuwa nina njaa. Baadaye nilisoma kwamba wataalamu wa tiba ya muziki huanza na sauti inayolingana na hali ya mgonjwa, kisha huibadilisha polepole. Wenzangu, nanyi yaliwakuta yapi?

Mchangiaji, Matondoni: Babu yangu, fundi wa majahazi, alifikia umri wa kusahau majina yetu sote, na jioni alikuwa akihangaika akitaka kwenda kwao, ilhali yuko kwao. Siku moja mdogo wangu alifungua kwenye simu kasida za Maulidi ya hapa, zenye matari. Babu alinyamaza, vidole vikaanza kupiga ubavu wa kitanda, kisha akaimba ubeti mzima bila kukosea neno. Daktari alitueleza kwamba nyimbo za ujanani mara nyingi hubaki hata kumbukumbu nyingine zinapopotea. (Wapo watakaosema kasida si muziki, sitabishana nao, nasimulia nilichokiona.) Tangu hapo tulimwekea kasida kila Magharibi ikikaribia, na jioni nyingi alilala bila vurugu, ingawa majina yetu hayakurudi.

Mchangiaji, Shela: Mimi natofautiana kidogo na mwanzisha mada. Uchumba wangu ulipovunjika nilijifungia mwezi mzima na wimbo mmoja wa majonzi, na kila ulipoanza upya nami nilirudi kwenye neno lile lile nililoambiwa, hata usingizi ukaniruka. Muziki wa huzuni humfaa anayeomboleza, anayejitafuna humzamisha. Shangazi ndiye aliyeninyang'anya simu akanipeleka kwenye vugo, ngoma ya wanawake ya kupiga pembe, la harusi ya jirani.

Mwanzisha mada: Dada, huko kwenye vugo uliimba au ulisikiliza tu?

Mchangiaji, Shela: Nilikabidhiwa pembe na kijiti, kaka, ningekaaje kimya? Sauti ilinikauka siku mbili, lakini usiku ule nililala.

Mchangiaji, Langoni: Naendesha boti kati ya Mokowe, upande wa bara, na Amu, yaani Lamu, na taarabu ndiyo iliyoniondolea uchovu kwa miaka, ila niliipandisha sauti masikioni ili ishinde mashine. Leo nina mlio sikioni usioisha, unaonikera zaidi usiku. Shirika la Afya Duniani linashauri sauti ya desibeli 80 isizidi saa 40 kwa wiki. Mimi nilipita hapo bila kujua. Siku hizi nasikiliza nikishafunga boti gatini, kwa sauti ndogo, na mlio ule husahaulika kwa muda.