Ovaloki kwa blanketi la viraka: inafaa?

MshonajiMbagala: Wadau, nina cherehani ya kawaida. Nashona foronya, mapazia na mablanketi ya viraka vya kitenge. Ninunue ovaloki ya nyuzi nne, au ni anasa?

Fundi_Tandika: Kwa foronya na mapazia, nunua. Inakata, inashona na kufunga ukingo kwa mkupuo mmoja, kitenge hakichanui. Kwa viraka, hapana. Kisu kinakula kitambaa. Kikizidi milimita 2 tu kwa kila kiraka kwenye kila mshono, viraka kumi mstari mmoja vinapungua karibu sentimita 4, pembe hazikutani tena. Halafu mshono wa nyuzi nne ni mnene, haulali vizuri ukiupiga pasi. Viraka shona kwa cherehani, upana wa mshono milimita 6.

MamaZai: Naunga mkono. Ila ukishatia pamba katikati na kushona tabaka zote, ovaloki inapunguza kingo vizuri kabla ya kuweka utepe. Toa pini zote! Kisu kikiuma pini kinapata pengo.

MshonajiMbagala: Asanteni. Nasikia uzi wa chini hukatika ovyo?

Fundi_Tandika: Mara nyingi ni mpangilio. Tunga vishika uzi (vyuma vinavyopitisha nyuzi zisizo za sindano) kwanza, sindano mwisho. Uzi wa kishika cha chini ukikatika, chomoa nyuzi za sindano, tunga upya cha chini, ndipo urudishe sindano. Ukikimbilia njia ya mkato utakatika tena hapohapo. Na usiuze cherehani: zipu na matundu ya vifungo ovaloki haifanyi.