Kwenda Kilwa kwa tanga kutoka Mikindani, mimi na mke wangu. Kwenda sawa, kurudi je?

KoroshoNaTanga (Mikindani)

Wakuu habari zenu. Mwaka juzi nilinunua boti la tanga la faiba, futi 26, kwa mzungu mmoja alietia nanga hapa Mikindani, akachoka na bahari akarudi kwao kwa ndege. Watu walinicheka sana, mkulima wa korosho na boti la mzungu wapi na wapi. Nikakaa nalo chini ya mwembe miezi minne, mimi na mke wangu tukaliziba, tukalipaka rangi, tanga kubwa lilikuwa limechanika tukashona wenyewe kwa uzi wa jarife, wavu wa kuvulia, na linavuta mpaka leo. Ghuba yote tumeimaliza, Msangamkuu tunaenda kama tunaenda sokoni, Sudi tumefika mara mbili bila shida yoyote.

Sasa mama watoto kaja na lake, anataka Kilwa. Mpango wetu tutoke mwezi wa saba kusi, upepo wa kutoka kusini, ikiwa imekolea, tulale Sudi, kesho yake Lindi, halafu Mchinga, Kiswere, mpaka Kilwa Masoko. Mchana tunatembea usiku tunalala nangani. Mashine ninayo ya kupachika nyuma, hozi pawa 9.9, lakini hiyo ni ya kuingilia bandarini tu, sina hela ya petroli ya safari nzima.

Kinachonisumbua ni kurudi. Mwezi wa kumi korosho zinaanguka lazima niwe shambani. Kuna mtu ashawahi kurudi kutoka Kilwa kwa tanga mwezi wa tisa? Na huko njiani pa kulala ni salama kwa chombo chenye mkuku, uti wa chini ya chombo, unaozama mita moja na nusu?

Chumvi_Nyingi

Mkuu panda basi. Unapita Mingoyo unakula pweza, saa chache uko Nangurukuru, huna haja ya kushona tanga. Haya naondoka, wenye bahari wanakuja.

MzeeWaTezi (Lindi)

Kijana nimekuwa baharia wa majahazi ya chumvi na nazi tangu sijaoa, kwa hiyo nitakwambia nilichokiona.

Umepanga safari ya kwenda ukaiita safari. Kwenda Kilwa na kusi hata mtoto anafika, upepo uko nyuma yako na maji yenyewe yanakusukuma. Mkondo wa huku kwetu unakwenda upande wa kaskazini mwaka mzima, hauna msimu, kinachobadilika ni nguvu tu, kusi ikivuma unakimbia, kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, ikiingia unapoa. Sasa wewe unataka urudi mwezi wa tisa, upepo unatoka kusini unakupiga usoni na mkondo nao unakurudisha ulikotoka. Utabisha kutwa nzima, unakwenda nje unarudi ndani, jioni unatazama nchi kavu unaona mnazi uleule uliouona asubuhi. Mimi nimeuona huo mnazi siku tatu pale juu ya Kiswere, mpaka unga ukaisha tukarudi kungoja.

Wazee walikuwa hawabishani na hili jambo. Walipanda na kusi, wakashuka na kaskazi, yaani kuanzia Desemba kwenda mpaka mwezi wa pili. Katikati pana matlai, mwezi wa kumi na wa kumi na moja, upepo mwepesi wa mashariki unaokupiga ubavuni na unaweza kwenda nao upande wowote ukiwa na subira, ila ndo hapo korosho zako zinaanguka.

Kwa hiyo ushauri wangu usiupende usiuchukie. Nenda Kilwa, boti liache huko, rudini na basi, vuneni korosho, Januari mnalifuata mnashuka nalo na kaskazi. Na msitoke mwezi wa saba, tokeni mwishoni mwa wa nane au wa tisa mwanzoni kusi ikiwa imeanza kuchoka. Julai alasiri hapa nje ya Lindi bahari inakuwa nyeupe.

Halafu tembeeni asubuhi. Ng'oeni nanga alfajiri umande ukivuma kutoka nchi kavu, saa sita saba mchana muwe mmeshalala. Anayetembea alasiri ni mwenye haraka, na mwenye haraka basi lipo.

BintiKitunda

Mzee kamaliza ya upepo, mimi naongezea ya kuingia mahali. Nimefanya kazi miaka kadhaa kwenye boti za wageni wanaokuja na yoti zao wawili wawili, mke na mume kama nyie, na ajali zao nyingi sio za dhoruba, ni za kuingia bandarini jua likiwa usoni.

Ukiingia sehemu usiyoijua ingia maji yakiwa yanajaa, nusu hivi, sio yamejaa kabisa. Yakiwa yanajaa ukigusa fungu unasubiri dakika kumi unaelea, ukigusa yamejaa juu na bamvua ni hiyo, yale maji makubwa ya mwezi mpevu au mwandamo, umekaa hapo mpaka mwezi ugeuke. Na jua liwe juu au nyuma yenu. Mmoja asimame mbele kabisa ameshika waya, mwengine usukani. Maji ya buluu iliyokolea pita, kijani cheupe ni mchanga angalia kina, kahawia ni mwamba geuka mapema. Na kubalianeni ishara za mikono kabla, sio kupigiana kelele, mashine inaunguruma na upepo unakula maneno. Mkono ukinyooshwa kulia unakata kulia, mkono juu simama. Nimeona ndoa za watu zikitikisika kwa ajili ya "kulia" ya nani.

Kingine majarife. Usiku msitembee kabisa, nyavu nyingi hazina taa, boya lake ni dumu la mafuta ya kula tu, ikijisokota kwenye panga la mashine mtapiga mbizi na kisu mdomoni gizani. Makoti ya kuokolea muwe nayo, TASAC, wakala wa meli wa serikali, wanakagua hata vyombo vidogo. Na utabiri wa bahari wa TMA, mamlaka ya hali ya hewa, someni kila siku kabla ya kutoka. Masika ndo msiguse kabisa, kimbunga Kenneth kilikuja Aprili 2019 kikapiga hapo ng'ambo ya Ruvuma, Hidaya kikaja Mei 2024 kikafika mpaka Mafia.

KoroshoNaTanga

Aisee asanteni sana, Mzee nimekuelewa hilo la mnazi limenikaa. Tatizo kuliacha boti Kilwa miezi mitatu minne nani ataliangalia? Watafungua mashine, watachukua kamba, na huko chini chaza zitaota mpaka liwe zito kama jiwe.

MkeWaKoroshoNaTanga

Shikamoo Mzee wa Tezi, dada Kitunda habari za huko. Mimi ndo mke mwenyewe nimefungua akaunti leo.

Kwanza nisahihishe, hiyo Sudi "bila shida yoyote" sio kweli. Mara ya kwanza alitia nanga maji yamejaa, mimi nikasema hapa ni karibu na mikoko, akasema anajua. Saa saba usiku boti likaanza kulala pole pole kama mtu anayesinzia, sufuria ya wali ikateleza, maji ya kunywa yakamwagika kitandani, tukakaa ukutani kama popo mpaka saa kumi na moja maji yaliporudi. Watoto wa pale alfajiri, maji hayajarudi bado, walikuja kwa miguu kututazama.

Pili suala la nani ataliangalia, shangazi yangu anakaa Masoko na wanawe ni wavuvi. Ndo maana nilisema Kilwa, sikusema Mafia. Mashine tutaifungua tuipeleke ndani kwake, tanga pia. Chaza tutapiga mbizi tukwangue kabla ya kurudi, au tulipandishe ufukweni bamvua tulisafishe chini siku moja. Tutatoka mwezi wa tisa, mwanzo wa wa kumi tuko kwenye basi.

MzeeWaTezi (Lindi)

Marahaba mwanangu. Nilikuwa namjibu asiyekuwa nahodha kumbe.

Kamba ya nanga mnayo ya urefu gani?

KoroshoNaTanga

Pima 15 Mzee, kama mita 27.

MzeeWaTezi (Lindi)

Haitoshi. Ukitia nanga pima nne maji yamekupwa, yakijaa bamvua ni karibu pima sita, na kusi ikisukuma usiku unataka mara tano ya hapo, pima 30. Na kipande cha mnyororo mbele, kamba peke yake mwamba wa huku unaikata.

MkeWaKoroshoNaTanga

Ashatoka kwenda dukani, ameacha chai mezani.