Tupeane uzoefu: kujaza gesi ya AC ya gari baada ya kuvuja kwa bahati mbaya

Mleta mada, Dar es Salaam

Ndugu wanachama, naomba tukusanye hapa yaliyotukuta baada ya gesi ya AC kutoka yote kwa mkupuo, kwa sababu bomba lilifunguliwa, kondensa (rejeta ya AC iliyo mbele ya gari) ilitoboka au valvu ilibonyezwa pasipo kukusudia.

Naanza na langu. Gari ni Toyota IST, na lilikuwa gereji kubadilishiwa rejeta. Fundi, akitafuta nafasi ya kuitoa, alilegeza nati ya bomba linaloingia kwenye kondensa. Pakasikika mlio mkali, ukungu mweupe ukatanda mbele ya bampa, na mafuta mepesi yakabaki yanang'aa kuzunguka nati. Tushukuru kwamba uso wake haukuwa karibu, kwani R134a, gesi yenyewe ya AC, huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri na hugandisha ngozi au jicho papo hapo.

Gereji ile ilipendekeza ijazwe gesi tu kisha niondoke. Nilikataa, kwa kuwa bomba lilikuwa limelala wazi usiku kucha, na katika unyevu wa Dar hilo si jambo dogo. Hewa iliyoingia haigeuki kimiminika ndani ya kondensa kama ifanyavyo gesi, hivyo presha hupanda na baridi hupungua. Maji nayo huganda kwenye valvu ya kupunguzia presha, na yakichanganyika na gesi na mafuta hutengeneza asidi inayokula chuma kutoka ndani. Fundi wa AC niliyempelekea alibadilisha oringi (mipira ya kuziba) za maungio yaliyofunguliwa, akaweka draya mpya, yaani kifaa kinachonyonya unyevu, akavuta hewa kwa pampu ya vakyumu kwa zaidi ya nusu saa, kisha akafunga geji na kutulia aone kama sindano itarudi. Iliposimama palepale, aliweka mtungi juu ya mizani na kujaza uzito ulioandikwa kwenye kibandiko cha chini ya boneti. Mizani ile ndiyo iliyonishawishi kumwachia gari.

Mwanachama, Mombasa

Kwangu lilikuwa jiwe lililorushwa na lori kwenye barabara ya kwenda Nairobi, likapenya grili na kutoboa kondensa. Punde AC ikaanza kupuliza hewa ya moto, na kompresa, pampu inayosukuma gesi, ikaacha kushika kabisa. Baadaye nilielewa kwamba swichi ya presha huizuia makusudi, maana mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi, na ikizunguka bila gesi hujisaga.

Baada ya kufunga kondensa nyingine, nilibishana na fundi aliyepima gari likiwa limezimwa, akaona takriban psi 97 (psi ni kipimo cha presha) pande zote mbili, wa presha kubwa na ndogo, akatangaza kwamba gesi imetosha. Kipimo hicho hakisemi chochote kuhusu kiasi: maadamu ndani kumebaki kimiminika hata kidogo, presha hufuata joto peke yake, na kwenye nyuzi 30 utasoma hiyo hiyo iwe gesi ni nusu au imejaa. Injini ilipowashwa, upande wa presha ndogo ulishuka chini ya psi 20, hali tulitarajia 30 hadi 45 kwa joto la Pwani. Hakuwa na la kujibu.

Mwanachama, Nairobi

Wenye magari ya haibridi kama Aqua na Prius wawe waangalifu zaidi. Kompresa yake huendeshwa kwa umeme wa volti nyingi, na nyaya za mota zimezama ndani ya mafuta yale yale yanayozunguka na gesi. Mafuta ya PAG, yale ya kawaida ya kompresa za AC, hupitisha umeme kiasi cha kuharibu kinga ya nyaya hizo. Toyota hutaka ND-OIL 11, mafuta yasiyopitisha umeme hivyo. Mimi nilimsimamisha fundi akiwa tayari ameshika kopo lenye gesi na PAG pamoja, naye alikasirika kidogo. Hata mipira ya geji iliyotumika kwenye magari mengine isafishwe kwanza.

Fundi wa AC, Mwanza

Niongeze machache. Anayejaza kwa kopo injini ikiwa inazunguka asifungue kamwe valvu ya upande wa presha kubwa, kwani presha hiyo hupita psi 200 na inaweza kulipasua kopo mkononi. Kopo lisimame wima ili iingie mvuke, kwa sababu kimiminika kikifika kwenye kompresa huvunja valvu zake. Wanaojaza gesi ya kupikia kwa kuwa ni rahisi na "inapoza vizuri" wanapitisha kitu kinacholipuka kwenye evapereta, sehemu inayopoza hewa, iliyo mbele ya magoti ya abiria, na mashine ya gereji itakayoinyonya baadaye huchafuka. Halafu, gari likiwa bado lina gesi, itolewe kwa mashine kabla ya kufungua bomba: R134a hupasha dunia joto zaidi ya mara elfu moja kuliko hewa ya ukaa, na makubaliano ya kimataifa yaitwayo Marekebisho ya Kigali ya 2016 yanapunguza uzalishaji wake, kwa hiyo tusitarajie iendelee kuwa rahisi.

Mwanachama, Tanga

Naomba kuuliza, mheshimiwa fundi: gesi ikitoka ghafla, mafuta yaliyotoka nayo hupimwaje?

Fundi wa AC, Mwanza

Ndugu yangu, yaliyoruka kama ukungu hayapimiki, hukadiriwa. Kondensa mpya huongezewa mililita 30 hadi 40, na bomba lililofunguliwa tu huongezewa kidogo sana, kwa kuwa mafuta yakizidi nayo huzuia baridi. Ukishajaziwa, hakikisha vifuniko vya plastiki vya valvu vimerudishwa na kukazwa, maana ndivyo kizuizi cha mwisho cha gesi, na nimepokea magari yaliyovuja upya kwa sababu vilisahaulika juu ya meza ya gereji.