Naomba ushauri: mota na gia za bagi ya rimoti, mashindano ya ndani kwenye kapeti

Mwana_Kilosa

Wakuu heshima kwenu.

Niko Coventry, Uingereza, mwaka wa nne sasa. Tangu Oktoba kila Ijumaa jioni nampeleka mwanangu wa miaka 12 kwenye mashindano ya magari ya rimoti. Wanaazima ukumbi wa michezo wa shule, wanatandika kapeti, wanapanga vilima vya mbao vya kurukia, na ikifika saa nne usiku kila kitu kinakunjwa. Gari letu ni bagi ya 1/10, yaani ukubwa wa sehemu moja ya kumi ya gari halisi, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma tu, betri ni lipo (ya lithiamu) ya seli mbili. Tulilinunua la mtumba bila mota.

Mota ndiyo imenitoa jasho. Muuzaji aliniambia nichukue ya namba 5.5, kwamba sitahitaji kununua nyingine tena. Nikachukua. Pinioni, ile gia ndogo ya kwenye mota, ina meno 24, gia kubwa ya plastiki meno 78. Ijumaa iliyopita kijana alikuwa wa tatu mpaka dakika ya nne, kisha gari likaanza kuchoka, likapitwa na kila mtu. Nilipoligeuza nikagusa mota, niliondoa kidole mara moja. Jirani yetu wa meza akaipiga kipimajoto, ikasoma nyuzi 97. Tangu siku hiyo hata ikiwa ya baridi haina nguvu ile ya mwanzo. Mtoto hakusema neno njia nzima ya kurudi nyumbani, na hilo limeniuma kuliko pauni nilizotoa.

Hapa hawabani namba ya mota, kila mtu anaweka anayotaka. Uwezo wangu ni mota moja tu kabla ya Krismasi. Ninunue namba ngapi, na niiwekee gia gani?

Fundi_Koili

Pole mkuu, na kijana mpe pole. Mimi nimekimbiza kwenye kumbi za hapa Uingereza tangu 2014, na mota ya kwanza niliyoiunguza ilikufa hivyohivyo.

Namba ya mota ni idadi ya mizunguko ya waya kwenye koili. Mizunguko ikipungua, mota inazunguka kasi zaidi na inakula umeme mwingi zaidi. Kwa hiyo 5.5 ni kali, 17.5 ni pole. Lakini namba peke yake haisemi kitu mpaka uijue gia.

Chukua 78 gawa kwa 24, unapata 3.25. Kisha kuna gia za ndani ya boksi, ambazo kwenye bagi nyingi za aina yenu ni 2.6. Angalia kitabu cha gari lako uhakikishe. 3.25 mara 2.6 ni 8.45, yaani mota inazunguka mara 8.45 ili gurudumu lizunguke mara moja. Sasa mota za 5.5 nyingi zinacheza kwenye mizunguko 6,000 na zaidi kwa dakika kwa kila volti. Zidisha kwa volti 7.4 za betri yenu, gawa kwa 8.45, halafu zidisha kwa mzingo wa tairi la nyuma, sentimita 26 au 27. Inakuja zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Hiyo ni hesabu ya karatasini, bila uzito wala msuguano, lakini jiulize ukumbi wenu una njia iliyonyooka ya mita ngapi.

Mwana_Kilosa

Labda 25, ukibana kona.

Fundi_Koili

Ndiyo hapo. Gari halifiki hata karibu na mwendo huo. Mota inajikakamua kutoka chini kila kona, umeme mwingi unapita wakati bado inazunguka polepole, na huo ndio umeme unaogeuka joto. Mota yako haikuwa na kosa kiufundi, ila ilifungiwa kazi ya uwanja wa mpira.

Na sumaku ya rota, ile sehemu ya ndani ya mota inayozunguka, ni neodimiamu. Ikichemshwa kupita kiasi inapoteza nguvu, na ikipoa hairudi yote. Ndiyo maana unaiona imelegea.

Ushauri wangu: 7.5, gia kubwa 78 hiyohiyo, pinioni 20. Hiyo ni 10.14. Kwa hesabu ileile unapata kilomita 55 hivi kwa saa, na kwenye ukumbi wa shule inatosha kabisa.

Mjomba_Theluji

Nawasalimu kutoka Minnesota. Huku baridi inatufungia ndani miezi mingi, kwa hiyo kapeti tunaijua. Mimi napingana kidogo na Fundi. Mtoto wa miaka 12 apewe 17.5, kontrola, kile kifaa kinachopimia mota umeme wa betri, iwe kwenye hali ya taa kupepesa, yaani haiongezi taimingi yoyote (kuwahisha umeme kwenye koili ili mota izunguke kasi zaidi). Pinioni 30, gia kubwa 69, unapata kama 5.98. Mota inabaki na joto la kawaida, na mtoto anajifunza kushika mstari wake kwa sababu akikosea kona hana nguvu ya kumrudisha. Wanangu wawili wameanzia hapo, na leo mkubwa ananipita mimi. Mwendo utakuja baadaye.

Fundi_Koili

Mjomba, kwenu kuna daraja la 17.5, kila aliye kwenye mbio ana mota hiyohiyo. Hapo nakubaliana nawe kabisa. Kwa Mwana Kilosa hakuna daraja hilo. Akiingia na 17.5 katikati ya wenye 6.5 na 7.5, kwenye kilima cha pili baada ya kona fupi hatavuka, atatua kwenye mbao, na wa nyuma yake watamgonga. Nimeona watoto wanaacha mchezo kwa sababu hiyo. Nguvu ya kurukia lazima iwepo, kisha unaipunguza kwa mipangilio.

Mjomba_Theluji

Kwa maelezo hayo, sawa. Ila basi awe 8.5, asiwe 7.5. Pinioni 22 kwa 78, inakuja 9.2. Mwendo wa mwisho ni karibu uleule, lakini inatoka kwenye kona kwa upole, na kidole cha mtoto kinahitaji upole huo.

Fundi_Koili

8.5 siwezi kuipinga.

Jabali_la_Pwani

Nafuatilia uzi huu, na mimi niko kwenye njia hiyohiyo.

Bi_Makupa

Kaka yangu, naomba niongeze mambo ya mikono. Mimi ni wa Mombasa, niko Nottingham, na ndiye ninayetengeneza magari ya nyumba nzima.

Kabla ya kulaumu mota, tazama pinioni na gia kubwa zinavyokutana. Zikibanana sana mota inasukuma ukuta, zikiachana sana meno ya plastiki yanaliwa. Mimi nakata kipande cha karatasi ya daftari, nakipitisha katikati ya meno, nasukuma mota mpaka ikibane, nakaza skrubu, nazungusha karatasi itoke. Ikitoka imekunjamana kama nyoka bila kuchanika, basi. Halafu zungusha gurudumu kwa mkono usikilize. Sauti iwe ya mtu anayepepeta mchele, isiwe ya kusaga.

Kapeti nayo hutoa nyuzi. Nyuzi hizo hujisokota kwenye ekseli na nyuma ya pinioni mpaka bearingi inashikwa. Juzi nilitoa fungu la kijivu kutoka gari la mume wangu, alikuwa analalamika wiki mbili kwamba mota imechoka. Mota haikuwa na kosa. Kibano kidogo cha nyusi kinatosha kwa kazi hiyo. Na skrubu ya pinioni ikae juu ya ule upande bapa wa shafti, la sivyo itateleza siku ya fainali.

Mwana_Kilosa

Dada asante sana. Nimefungua sasa hivi nikiwa nasoma. Nyuzi zipo, tena nyingi, nyekundu na kijivu. Na pinioni skrubu yake haiko kwenye upande bapa.

Sultani_wa_Vumbi

Assalaam alaykum. Mimi niko Muscat, nakimbiza nje, kwa hiyo joto ndilo mwalimu wangu. Gia uliyopewa hapa ni ya kuanzia, usiichukulie kama ya mwisho. Weka mota mpya, endesha dakika 2, simamisha, pima joto kwenye mwili wa mota. Liko chini, endelea mpaka dakika 5 kamili, pima tena papo hapo, kwa sababu joto la ndani hupanda kidogo hata baada ya kuzima. Mimi sipendi kuvuka nyuzi 70. Ukipata 75, punguza jino moja la pinioni. Ukipata 50 na gari linaishiwa mwendo kabla ya mwisho wa njia iliyonyooka, ongeza jino moja. Jino moja tu, kisha upime upya. Na usibadilishe gia na taimingi siku moja, hutajua kipi kimekusaidia.

Taimingi ya kwenye kifuniko cha nyuma iache ilivyotoka kiwandani. Watu wengi huipandisha wakitafuta mwendo, wanapata joto.

Kwa kijana, kwenye rimoti punguza mwisho wa triga, kile kitufe cha kuongezea mwendo, uwe asilimia 80. Kwenye kontrola shusha ule mpangilio wa ukali wa kuondoka. Akizoea, mrudishie kidogokidogo.

Mwana_Kilosa

Narudi na majibu, maana ni haki yenu.

Nimenunua 8.5. Pinioni 22, gia kubwa 78, karatasi ya daftari kama alivyosema Bi Makupa, rimoti asilimia 80. Ijumaa tulifika mapema tukapewa nafasi ya mazoezi. Dakika 2, nyuzi 44. Dakika 5, nyuzi 58. Mbio za kwanza kijana alimaliza raundi 15, na ya mwisho ilikuwa na kasi kama ya kwanza. Mbio za tatu raundi 16. Aliangusha gari mara mbili tu, zote kwenye kilima cha mbao kilicho karibu na mlango. Alikuwa wa sita kati ya kumi.

Mwishoni mwa njia iliyonyooka mota inalia juu kabla ya kona, kama mita tatu hivi. Je, niweke pinioni ya 23?

Sultani_wa_Vumbi

Nyuzi 58 zinakuruhusu. Weka 23, pima dakika ya 2 na ya 5, utuletee namba.

Bi_Makupa

Na ukibadilisha pinioni, lazima uweke karatasi upya. Nafasi ya mota inasogea.

Mwana_Kilosa

Kijana amesoma hapa nyuma yangu. Ameshachana ukurasa wa daftari la hesabu.