Tupeane uzoefu: mbinu zilizookoa programu yako kwenye simu na saa janja

Wakuu, salaam. Naomba tukusanye hapa mbinu ambazo mtu amezitumia mwenyewe, programu ikiwa tayari mikononi mwa watu. Za kwenye video za mafunzo tunazijua. Naanza mimi.

Nina programu ya Android ya kupokelea maziwa vijijini. Karani anapima, anaingiza lita na namba ya mfugaji, anaita anayefuata. Foleni ya alfajiri haisubiri mtandao, kwa hiyo kitufe cha Hifadhi hakigusi seva kabisa. Rekodi inaandikwa kwanza ndani ya simu, kwenye Room (hifadhidata ya ndani ya Android), ikiwa na UUID (namba ya utambulisho isiyojirudia) iliyotengenezwa na simu yenyewe na alama ya "haijatumwa". Kisha WorkManager (maktaba ya Android ya kupanga kazi za nyuma ya pazia), niliyoipa sharti la kuwepo mtandao, ndiyo inayotuma.

Ile UUID ndiyo roho ya kazi yote. Rekodi inaweza kufika kwenye seva, mtandao ukakatika kabla jibu halijarudi, na simu ikaituma tena. Seva ikikuta UUID ile ile haiongezi lita, inajibu tu kwamba inayo. Hakuna mfugaji anayelipwa mara mbili, na karani halali na kesi. Angalizo: kazi ya kujirudia ya WorkManager haishuki chini ya dakika 15. Anayetaka haraka zaidi apange kazi ya mara moja kila rekodi inapohifadhiwa.

*Mdau, Nakuru*
Kwetu ni malipo, na mantiki ni hiyo hiyo. Ukituma ombi la STK Push (lile linalotokea kwenye simu ya mteja likimtaka aweke PIN ya M-Pesa) kupitia Daraja, API ya M-Pesa ya Safaricom, jibu la kwanza linasema tu kwamba ombi limepokelewa. Mteja bado hata hajaweka PIN! Msifungulie huduma hapo. Mimi nahifadhi CheckoutRequestID (namba ya ombi hilo), nasubiri matokeo yaletwe kwenye seva yangu, na yasipokuja nauliza mwenyewe hali ya muamala. Simu ya mteja ikizima katikati, akiiwasha anakuta hali ya kweli, kwa sababu uamuzi uko kwenye seva.

*Mdau, Mbeya*
Punguzeni uzito jamani. Washeni R8 (inayopunguza msimbo), picha ziwe WebP (muundo mwepesi wa picha), pakieni App Bundle (kila simu ipakue kile inachohitaji tu). Watu wananunua bando la siku na simu zimejaa, programu nzito ndiyo ya kwanza kufutwa.

*Mdau, Arusha*
Mimi niko upande wa Wear OS (mfumo wa Google wa saa janja), programu ya wakimbiaji. Huku vita vyote ni vya betri. Ukiamsha kichakataji kila mara kusoma kihisi, saa inazima kabla mtu hajamaliza mbio ndefu. Ninaposajili kihisi kwa registerListener naweka maxReportLatencyUs (muda wa juu wa kuchelewesha vipimo), ili pale kifaa kinapoweza, kihisi kijikusanyie vipimo na kuvikabidhi kwa mafungu huku kichakataji kimelala. Mandhari naweka nyeusi tii, maana kwenye kioo cha OLED nukta nyeusi haiwaki. Mkono ukishuka naondoa sekunde, nabakiza dakika na umbali.

Kupeleka data kwenye simu ndiko wengi wanakokwama. MessageClient inafaa kwa amri fupi wakati saa na simu zimeunganishwa. Matokeo ya mbio nayapitisha DataClient, ambayo inayafikisha hata kama vifaa vitakutana baadaye. DataItem moja (fungu la data linalotumwa na DataClient) isizidi KB 100, hivyo njia nzima ya GPS naituma kama Asset (kiambatisho cha data kubwa). Na wekeni setUrgent(), alama ya kwamba data ni ya haraka! Bila hiyo mfumo unaweza kuchelewesha hadi dakika 30, mkimbiaji anakodolea simu macho akidhani mbio zake zimepotea.

*Mdau, Mbeya*
Mkuu wa Arusha, muda wa mbio unaupimaje? Kuna watu wanachezea saa za simu zao.

*Mdau, Arusha*
SystemClock.elapsedRealtime(), mkuu. Inahesabu tangu kifaa kiwashwe, hata kikiwa kimelala, na mtu akibadilisha saa haiyumbi. currentTimeMillis(), inayofuata saa ya kifaa, naitumia kwa tarehe tu. Na kwa anayetaka kuonyesha saa za Kiswahili: toa saa sita wakati wa kuonyesha, data iache kwenye UTC (saa ya kimataifa). Ila iangalie ile 6:00 ya asubuhi, hesabu inatoa 0 na mzee wangu anataka kuona 12.