Kuhamia mkoa mwingine na familia nzima: hesabu gani zipigwe kabla ya kujibu ofa?

Mama_Watatu

Wakuu, habari zenu. Mume wangu amepata ofa ya kazi mkoa mwingine, mwendo wa siku nzima kwa basi. Mshahara wake unapanda kwa asilimia 40. Mimi nimeajiriwa hapa tulipo, na mshahara wangu ni kama mbili ya tano ya kipato cha nyumba. Tuna watoto watatu: wa kwanza ana miaka 13 na yuko darasa la mtihani, wa pili ana 8, wa mwisho 3. Mama mkwe anaishi nasi, ana kisukari na anachoma insulini, na ndiye anayebaki na mdogo tukiwa kazini. Nyumba tumepanga. Tumepewa wiki 3 kujibu.

Ushauri wa "ombeni Mungu mwende" tumeshaupata wa kutosha. Naomba kujua tupige hesabu gani, mwajiri aulizwe nini, na familia zinazohama hukwama wapi.

Hesabu_Kwanza

Dada, hiyo asilimia 40 ni ya mshahara wa mtu mmoja. Ipeleke kwenye kipato cha nyumba nzima uone inavyosinyaa.

Chukua kipato chenu cha sasa baada ya makato, kiite 100. Mume analeta 60, wewe 40. Ofa inaifikisha 60 kuwa 84. Siku unayoacha kazi, nyumba inaingiza 84, pungufu 16 kuliko leo. Kodi na nauli kule zikizidi za sasa kwa 6 tu, pengo linakuwa 22 kila mwezi. Ukikaa miezi 6 bila kazi, imeondoka 132.

Juu yake weka gharama za kuhama zenyewe: lori na wabebaji, kodi ya kuanzia na amana, mwezi mmoja wa kulipia nyumba mbili kwa pamoja, sare na michango ya shule mpya, na vile vitu ambavyo hakuna anayeviandika, kama mapazia yasiyotosha madirisha, kitanda kisichopita mlangoni, nyaya za umeme. Watu sita wakimaliza kipato cha miezi 2 kwa shughuli hiyo hawajafuja. Hiyo ni 200. Jumla mko chini kwa 332.

Sasa sema umepata kazi kule, mshahara 30. Nyumba inaingiza 114, toa 6 ya gharama zilizopanda, ziada yenu ni 8 kwa mwezi. 332 gawanya kwa 8 ni miezi 41 na nusu, pamoja na ile 6 ya mwanzo. Ni karibu miaka 4 kufika pale mlipo leo. Na kama mama mkwe hatakuja na mkalazimika kumlipa msaidizi 8 kwa mwezi, ziada imekwisha yote.

Badilisha kitu kimoja tu: wewe upate kazi ya 40 ileile kabla lori halijapakiwa. Nyumba inaingiza 124, ziada ni 18 baada ya gharama, na ile 200 inarudi ndani ya miezi 11 na kidogo. Ofa ya mume haijabadilika hata kidogo, ila jibu limegeuka. Ndiyo maana nakuambia wiki hizi 3 zitumieni zaidi kutafuta kazi yako: kuomba uhamisho kwa mwajiri wako kama ana tawi kule, kuuliza kama sehemu ya kazi yako inaweza kufanyika kwa mbali, kupeleka maombi mapema. Mchumi Jacob Mincer aliliandika hili tangu 1978: familia inaweza kupata faida kwa jumla huku mmoja wa wanandoa akipata hasara, na mara nyingi huyo ni anayemfuata mwenzake. Hasara yake ikae kwenye karatasi, isiachwe ikawa kinyongo.

Namba zangu ni za mfano. Wekeni zenu, lakini msiruke mstari hata mmoja.

Afisa_Ajira

Naongezea upande wa mwajiri. Kwanza, asilimia 40 ya nini? Kama ni mshahara wa msingi, sawa. Kama sehemu kubwa ni posho, ujue posho hukatwa kwa urahisi, na mara nyingi haihesabiwi kwenye mafao ya kustaafu. Ombeni mchanganuo wa maandishi.

Pili, muda wa majaribio. Mara nyingi ni kati ya miezi 3 na 6, na katika kipindi hicho mkataba unaweza kuvunjwa kwa notisi fupi. Kuhamisha watu sita ndani ya muda wa majaribio ni kubeba hatari ambayo mwajiri ameikwepa.

Tatu, gharama za kuhama. Ulizeni analipa nini hasa: lori, nauli za familia au za mfanyakazi peke yake, malazi ya wiki za kwanza. Halafu tafuteni kifungu cha marejesho. Waajiri wengi huandika kwamba ukiondoka kabla ya miezi 12 au 24 unarudisha fedha zote. Ombeni deni hilo lipungue kila mwezi unaofanya kazi, na lifutike kabisa ikiwa wao ndio watakaokuachisha. Ombi hilo ni la kawaida, hakuna atakayeshangaa.

Nne, na hapa watu hawaulizi kabisa: nafasi hii iko wazi kwa nini? Kama ni mpya, fedha zake ni za mradi wenye mwisho au ziko kwenye bajeti ya kudumu? Kama kulikuwa na mtu, alikaa muda gani? Na mkoa ule una waajiri wangapi wengine wa fani ya mumeo? Ukikuta ni huyo mmoja tu, basi kazi ikivunjika mnahama tena.

Msitoe notisi ya nyumba wala ya kazi yako kwa barua ya ofa peke yake. Subirini mkataba uliosainiwa na pande zote mbili.

Mwalimu_wa_Zamu

Niwasemee watoto, maana hawa watatu hawahami kwa namna moja.

Wa miaka 13 asiguswe mpaka amalize mtihani. Mtahiniwa husajiliwa kwenye kituo miezi kadhaa kabla, na usajili ukifungwa, kumhamishia kituo kingine ni shida kubwa au haiwezekani kabisa. Hata pale inapowezekana, shule mpya inaweza kuwa imepanga mada kwa mfuatano mwingine. Mtoto anarudia aliyokwisha kusoma na kukosa ambayo wenzake wamemaliza, na mwalimu wa darasa la mtihani hana muda wa kumrudisha nyuma mtu mmoja.

Umri wenyewe pia ni mgumu. Utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2016, uliofuatilia zaidi ya watu milioni moja, uliona kwamba matatizo ya baadaye yalijitokeza zaidi kwa waliohama wakiwa na miaka 12 hadi 14. Hiyo haina maana kwamba kuhama kunamharibu mtoto. Ina maana umri huo ndio anaoegemea marafiki kuliko umri mwingine, na ukimkata nao umpe cha kushika: awe na siku maalumu za kuwapigia, ajue mapema shule anayokwenda, na apewe uamuzi mmoja wa kweli, kwa mfano kuchagua kati ya shule mbili ambazo nyie mmeshazikubali. Msimuulize "unataka kuhama?" kama jibu lake halitabadilisha kitu, kwani atakumbuka kwamba aliulizwa na hakusikilizwa.

Wa miaka 8 ahame likizo ndefu, aanze siku moja na wenzake. Akiingia katikati ya muhula, makundi ya kucheza yameshafungwa. Kabla ya kuondoka chukueni barua ya uhamisho yenye mhuri, ripoti za miaka 2 au 3, nakala ya cheti cha kuzaliwa, kadi ya chanjo, na madaftari ya muhula wa mwisho. Madaftari watu huyatupa, wakati mwalimu mpya akiyafungua anajua kwa dakika kumi mtoto aliishia wapi.

Wa miaka 3 shule haimhusu. Yeye anamfuata bibi.

Nesi_Kata

Na bibi ndiye sijaona mtu akimgusa vizuri. Msimwamulie kwa sababu yupo nyumbani kwenu. Muulizeni akiwa peke yake, mbali na watoto, maana mbele ya wajukuu atasema ndiyo.

Kwa kisukari, kabla ya kukubali ofa, pigeni simu vituo viwili kule muulize mambo matatu: aina ya insulini anayotumia ipo muda wote au huisha? Kipimo cha wastani wa sukari wa miezi 3 kinafanyika hapohapo au sampuli husafirishwa? Kadi yake ya bima inakubaliwa? Wakisita kwenye swali la kwanza, msiishie hapo, tafuteni kituo kingine. Siku ya kuhama awe na dawa za mwezi mmoja kwa uchache, na nakala ya faili iwe mkononi. Ahadi ya "tutaituma" isiwatoshe.

Insulini ambayo haijafunguliwa hukaa nyuzi 2 hadi 8. Ile anayoitumia, aina nyingi huvumilia wiki 4 hivi nje ya friji kama joto halizidi 30, lakini someni karatasi ya dawa yake. Kwenye basi isiwekwe buti wala juu ya dashibodi. Iviringwe kitambaa ndani ya chupa pana ya kutunza baridi na isigusane na barafu, kwani ikiganda imekufa hata kama ikiyeyuka inaonekana safi. Kama mkoa mpya una joto kali kuliko wenu, aandae kupima mara nyingi zaidi wiki za mwanzo, maana mwili ukipata joto insulini hunyonywa haraka na sukari inaweza kushuka ghafla.

Kama mnatoka kusiko na malaria nyingi kwenda kwenye malaria, kinga yenu ni ndogo. Homa yoyote ya huyo wa miaka 3 ipimwe siku hiyohiyo.

Mama_Watatu

Asanteni sana. Je, mume akitangulia peke yake miezi 6 mpaka mtihani uishe? Au tutakula nyongeza yote kwa nyumba mbili?

Hesabu_Kwanza

Mtaila karibu yote, na bado ni nafuu. Kwa namba zilezile: chumba chake 10, chakula na nauli za kule 8, safari moja ya kuja nyumbani kwa mwezi 5. Jumla 23, nyongeza ni 24. Hampati faida, ila 40 yako inabaki, na mnakwepa lile pengo la 22 kwa mwezi. Muda wa majaribio na mtihani vinaisha karibu pamoja.

Msafiri_Mtulivu

Nakubaliana na hesabu, ila kutengana kuna bei ambayo haimo kwenye hizo 23. Nyumba inabaki na mtu mzima mmoja anayefanya kazi na bibi mgonjwa. Bibi akilazwa wiki moja, nani anabaki na mdogo? Tafuteni jibu la swali hilo kabla mume hajapanda basi. Pia andikeni tarehe ya mwisho, kwa siku na mwezi. Bila tarehe, miezi 6 hugeuka miaka 3, na watoto wanazoea baba wa mwisho wa mwezi.

Akiwa kule atafute nyumba kwa utulivu. Aende kuiangalia siku ya kazi, saa ile ambayo nyie mngekuwa mnatoka, apime muda hadi shuleni kwa kuutembea. Mvua ikinyesha ndiyo siku nzuri kuliko zote. Aangalie ukutani chini ya dirisha kama kuna mstari wa rangi ya tope ulionyooka, sentimita chache kutoka sakafuni. Rangi mpya iliyopakwa nusu ya chini tu ya ukuta nayo inasema jambo lilelile. Afungue mabomba mawili kwa pamoja. Aulize majirani, asimuulize dalali, maji hukatika siku ngapi mfululizo: kwa watu sita, lita 50 kila mmoja kwa siku ni 300, kwa hiyo tangi la lita 1,000 ni siku 3 na kidogo. Apange kwa mkataba mfupi kadiri unavyopatikana, na msinunue chochote mwaka wa kwanza.

Tengeni pia akiba ya kurudi: gharama ya lori pamoja na matumizi ya miezi 3, isiguswe. Kama hamuwezi kuiweka, hamko tayari kuhama wote.

Afisa_Ajira

Kuhusu wiki 3: jibuni kabla hazijaisha, kwa maandishi, kwamba mume yuko tayari na familia itafuata baada ya muda wa majaribio. Ombeni palepale posho ya kuhamisha familia ibaki halali kwa miezi 12, kwani sehemu nyingi hufutika usipoitumia ndani ya siku 60 au 90 za mwanzo. Wakikubali kwa simu, watumieni barua pepe siku hiyohiyo kurudia mlichokubaliana na muombe wathibitishe.