Wakuu, muvi mbovu kuliko zote duniani ni ipi? Nasema mbovu, sio ile usiyoipenda tu

mzee_wa_deki:
Habari za jioni wakuu. Kijiweni kwetu kuna ubishi haujaisha tangu juzi, jamaa kashikilia kwamba mbovu kuliko zote ni Plan 9 from Outer Space ya Ed Wood, kisa ukigugo ndo inayotajwa kila mahali. Ni kweli, mwaka 1980 kina Medved wa Marekani walitoa kitabu cha kuzitunuku filamu mbovu na hiyo ikabeba ubingwa. Na vituko vimo kweli, Bela Lugosi ndo jina kubwa pale lakini alifariki 1956 akiwa kaacha vipande vichache tu vya video, Ed Wood hakutaka vipotee bure, akamchukua tabibu wa mgongo wa mke wake aje kuziba pengo, na hawafanani hata kidogo, akamwambia wewe ziba uso na joho basi. Kwa hiyo sini baada ya sini unaona mtu kajifunika mpaka machoni na tunatakiwa tuamini ni yuleyule.

Sasa mimi nauliza, mbona niliitazama mpaka mwisho na nikacheka? Muvi mbovu si ile unayoizima njiani? Leteni za kwenu na sababu. Bongo muvi ruksa ila tusichafue majina ya watu, zile za kupandisha ngazi dakika tano ili ipatikane part two tunazijua wote.

chatu_wa_mabibo:
Mkuu kama hujaona The Room ya 2003 bado hujaanza kutazama ubovu. Tommy Wiseau kaandika mwenyewe, dairekta mwenyewe, prodyuza mwenyewe, stelingi mwenyewe, inasemekana zilitumika kama dola milioni 6 na ukiitazama huoni zimeenda wapi maana muda mwingi watu wanaingia na kutoka sebuleni kwa mtu bila hata hodi. Alikuwa anarekodi kwa kamera mbili kwa mpigo, moja ya filamu moja ya dijitali, sijui alikuwa anamkomoa nani.

Kuna sini mama anamwambia bintiye majibu yametoka, nina kansa ya titi, binti anapokea hiyo habari kama kaambiwa chumvi imeisha, na kansa yenyewe haitajwi tena mpaka picha linaisha!! Halafu ile ya kwenye paa, stelingi anatokea mlangoni kafura, analalamika kwamba anasingiziwa kumpiga mchumba wake, anabamiza chupa ya maji chini, sekunde hiyohiyo anageuka anamsalimia mshkaji wake kwa furaha kabisa. Nilirudisha nyuma nikidhani simu imeruka.

Na bango lake lenye sura yake lilikaa Hollywood kama miaka mitano, analilipia tu. Mpaka leo watu wanakata tiketi za usiku wa manane, wanaenda na vijiko vya plastiki wanarusha kila ikitokea ile fremu ya kijiko pale sebuleni.

shangazi_wa_chumbageni:
Chatu mwanangu, hiyo watu wanaishangilia, sasa ubovu uko wapi. Mimi namuunga mkono mleta mada, mbovu ni inayochosha, na zinazochosha ni hizi zenye hela. Battlefield Earth ya 2000, John Travolta na manywele yale, kamera imeinamishwa upande karibu kila shoti, nusu saa shingo inauma. Kilichonichekesha ni kesi yake, prodyuza waliwaambia wafadhili wa Ujerumani bajeti ni dola milioni 75, kumbe ya kweli ni 44, wakaburuzwa mahakamani na wakashindwa. Muandishi wa skripti mwenyewe alienda 2010 kupokea tuzo ya Razzie ya filamu mbovu ya muongo mzima, na gazetini akaomba radhi.

Halafu Cats, Desemba 2019. Watu wazima wenye majina, Idris Elba kabisa, wamevalishwa manyoya ya kompyuta, sio paka sio binadamu. Ikaingia sinema haijaisha, kuna sehemu mkono wa Judi Dench unaonekana mkono wa mtu na pete yake kidoleni, ikabidi kumbi zitumiwe toleo lingine limerekebishwa huku watu washatoa nauli na viingilio vyao. Huo ndo ubovu, maana hawa hawana kisingizio.

kamau_wa_base:
Sasa mnanifurahisha nyinyi Wabongo. Kuna ile ya Uganda, Who Killed Captain Alex? ya 2010, Nabwana alishoot hapo Wakaliga Kampala, yeye husema ilimcost kama dola 200, bunduki ni vyuma za scrap zimechomelewa, helikopta ni ya kompyuta inabomoa majumba. Captain Alex anauawa, na movie inaisha hujaambiwa nani alimuua. Jina ndilo swali bana!! Hiyo si ndio mbaya zaidi?

shangazi_wa_chumbageni:
Kamau baba, hapo sikubali. Nakala ya mwanzo ilipotea, iliyobaki ni hiyo ya DVD yenye sauti ya msimulizi, VJ Emmie, juu yake, na huyo VJ ndo utamu wenyewe, anapiga kelele, anasifia, anakejeli. Ni kazi ileile ya Lufufu kwetu na DJ Afro kwenu. Wangapi humu tulikaa kibanda umiza tunatazama picha la Kichina hata halina kichwa, Lufufu analigeuza linakuwa tamu? Kwa hiyo kipimo changu ni hicho, mbovu ni ile ambayo hata Lufufu asingeiokoa. Cats asingeiokoa.

kamau_wa_base:
Aki hapo umenishika. DJ Afro angeiweza ya Alex mpaka watu wasahau kuuliza muuaji. Basi nabadilisha, Manos ya 1966. Muuza bima wa El Paso, Texas, aliwekeana dau na mwandishi wa filamu kwamba kutengeneza movie ya kutisha ni rahisi. Kamera yake ilikuwa inashika sekunde 32 peke yake kisha unaikoroga tena, na haikuwa inarekodi sauti, so watu wachache wakaingia studio wakaongelea kila mtu, mpaka ile sauti ya mtoto ni ya mtu mzima. Mwanzo wanaendesha gari tu. Wanaendesha, wanaendesha, hakuna kitu inafanyika. Afro angesinzia.

mzee_wa_deki:
Hahaha hiyo naitafuta leo usiku. Ila mbona hakuna aliyetaja Birdemic? Tai wamening'inia hewani wanapiga mabawa hawaendi popote, na watu wanapigana nao kwa henga za nguo, HENGA. Na kabla ya hao tai kutokea unakaa karibu nusu ya picha unatazama jamaa anauza programu za kompyuta na kutongoza.

chatu_wa_mabibo:
Na ina part 3 mkuu. Ya 2022.

mzee_wa_deki:
Unanitania.